Wachache Mbele ya Msalaba: Uhakiki wa Namna Mbili za Kuimba "Mateso ya Yohana" ya J. S. Bach

Mwalimu wa lugha anapofundisha utenzi, jambo la kwanza limpasalo ni kuwakumbusha wanafunzi wake kwamba utungo huo haukukusudiwa kusomwa kwa macho tu, bali ulitungwa uimbwe mbele ya watu. Anayesahau hayo huuona utenzi nusu. Hali ni hiyo hiyo kwa muziki wa kanisa wa zama za Baroki, yaani ule uliotungwa Ulaya takriban kati ya mwaka 1600 na 1750. Nota zilizoandikwa karatasini ni maandishi tu. Nani aliziimba, walikuwa wangapi, na kila mmoja alipewa maneno gani, hayo nayo ni sehemu ya maana.

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza utungo mmoja wa aina hiyo, nao ni "Mateso ya Yohana" wa Johann Sebastian Bach. Tutaliangalia swali ambalo limewagawa wataalamu tangu mwaka 1981: je, tungo kama hizi zastahili kuimbwa na kwaya kubwa, au na waimbaji wachache wanaohesabika kwa vidole, wakisindikizwa na ala za kale? Jibu letu ni kwamba wachache wana haki zaidi. Lakini sababu tutakayoitoa si ile inayotajwa mara nyingi, kwamba "ndivyo alivyofanya Bach mwenyewe". Sababu hiyo peke yake haitoshi, na tutaeleza kwa nini.

Utungo na siku yake ya kwanza

Bach alianza kazi ya kuongoza muziki wa makanisa ya Leipzig, Ujerumani, mwaka 1723. "Mateso ya Yohana" yaliimbwa kwa mara ya kwanza Ijumaa Kuu ya tarehe 7 Aprili 1724, katika ibada ya alasiri kwenye kanisa la Mtakatifu Nikolai. Bach alitaka yaimbwe katika kanisa la Mtakatifu Thomas, lakini baraza la mji likasema kwamba zamu ilikuwa ya Nikolai. Alilalamika kuwa nafasi kwenye roshani ya waimbaji haikutosha, na kwamba kinanda cha nyuzi cha kanisa hilo kilihitaji matengenezo. Baraza likakubali kugharimia matengenezo na kupanga nafasi. Tangu siku ya kwanza, basi, suala la idadi na nafasi lilikuwapo.

Maneno ya utungo huu ni ya aina tatu. Ya kwanza ni habari yenyewe ya Injili, sura ya 18 na ya 19 ya Yohana katika tafsiri ya Martin Luther, pamoja na vipande viwili vifupi vilivyoazimwa kutoka Mathayo. Mwimbaji wa sauti ya tatu husimulia akiwa Mwinjilisti, Yesu huimbwa kwa sauti ya nne, na makundi ya watu, yaani makuhani, askari na umati, huimbwa na kwaya nzima. Aina ya pili ni nyimbo za kitabuni ambazo usharika wa Kilutheri ulizijua kwa moyo. Tuni za jamii hiyo zilivuka bahari pamoja na wamisionari, na hata leo baadhi yake huimbwa kwa Kiswahili katika sharika za Kilutheri za Tanzania. Aina ya tatu ni mashairi mapya ya tafakari, ambayo mengi yake huimbwa na mtu mmoja na huitwa aria.

Jinsi wachache walivyogeuka wengi

Bach alifariki mwaka 1750, na kwa miongo mingi tungo zake kubwa za kanisa hazikusikika mbele ya watu. Zilipofufuliwa zilifufuliwa katika mazingira mengine kabisa. Tarehe 11 Machi 1829 Felix Mendelssohn aliongoza "Mateso ya Mathayo" mjini Berlin kwa kwaya ya chama cha Sing-Akademie iliyokuwa na waimbaji zaidi ya 150. Chama hicho hicho kiliimba "Mateso ya Yohana" mwaka 1833. Waimbaji hawa hawakuwa tena vijana wa shule ya kanisa wakitimiza kazi ya ibada. Walikuwa watu wazima, wanaume kwa wanawake, waliojiunga na chama kwa mapenzi yao ya muziki. Ukumbi wa tamasha ulichukua nafasi ya kanisa, na tiketi ikachukua nafasi ya mahubiri.

Hapo ndipo ulipozaliwa mgawanyo wa kazi tuliouzoea. Mbele hukaa mabingwa wanne au zaidi, waliovaa nguo za heshima, nao huinuka kuimba aria zao kisha huketi. Nyuma yao husimama kwaya, ambayo kazi yake ni kuwa umati na kuwa usharika. Tusiudharau mtindo huu. Mwaka 1964 Karl Richter alirekodi "Mateso ya Yohana" akiwa na kwaya yake ya Munich, Ernst Haefliger akiwa Mwinjilisti na Hermann Prey akiimba maneno ya Yesu. Ni rekodi yenye uzito na heshima. Wimbo wa kwanza unaingia kama wimbi la bahari kuu linalopiga mwamba. Wengi walioupenda utungo huu katika karne ya 20 waliupendea katika sauti za namna hiyo, na upendo huo haukuwa wa bure.

Ushahidi wa karatasi

Mwezi Novemba 1981, katika mkutano wa chama cha wanamuziki wataalamu wa Marekani uliofanyika Boston, Joshua Rifkin, mtu aliyejulikana zaidi wakati huo kwa rekodi zake za piano za Scott Joplin, alitoa hoja iliyowashtua wengi. Alidai kwamba kile ambacho Bach alikiita kwaya kilikuwa, kwa kawaida, mwimbaji mmoja kwa kila sauti. Mwaka uliofuata ilitoka rekodi yake ya Misa katika B ndogo iliyoimbwa kwa namna hiyo. Andrew Parrott alimfuata, akaiendeleza hoja hiyo katika kitabu alichokichapisha mwaka 2000. Wengine, miongoni mwao Ton Koopman, waliipinga vikali.

Hoja ya Rifkin ni ya kusoma nyaraka, nayo inafanana sana na kazi ya mhakiki wa miswada ya kale. Karatasi ambazo waimbaji wa Bach walizishika mikononi zimesalia kwa wingi, na kwa kawaida kila sauti ina karatasi moja tu. Karatasi hiyo ina kila kitu: aria, usimulizi, nyimbo za kwaya na nyimbo za kitabuni, zikifuatana bila kukatizwa. Wapinzani husema kwamba huenda vijana watatu waliichungulia karatasi moja. Rifkin hujibu kwamba, kama ndivyo, yule wa pili na wa tatu wangejuaje wapi wanyamaze? Karatasi hazina alama ya kuwaonyesha.

Kwa upande mwingine kuna barua ya Bach mwenyewe ya tarehe 23 Agosti 1730 kwa baraza la mji. Humo anaeleza kwamba kila kwaya yapasa kuwa na watu 12, na afadhali 16. Anawahesabu vijana wa shule na kuwagawa: 17 wanafaa, 20 bado hawajafaa, na 17 hawafai kabisa. Wapinzani wa Rifkin huishika barua hii kama silaha. Wafuasi wake hujibu kwamba Bach alikuwa akitaja idadi ya vijana wa kuchagulia, maana maradhi yalikuwa mengi, na si idadi ya wanaoimba kwa pamoja kila wimbo. Sisi twaona kwamba barua inaweza kusomeka kwa njia zote mbili. Lakini hata anayeisoma kwa manufaa ya wapinzani atakubali kuwa watu 12 au 16 si 150.

Kwa "Mateso ya Yohana" hatuhitaji kukisia sana, kwa sababu karatasi zake zinasema. Kuna karatasi nne za waimbaji wakuu, na kuna nyingine nne za wasaidizi ambao huungana nao katika nyimbo za kwaya. Maneno ya Petro na ya Pilato yamewekwa kando, katika karatasi ya pekee. Kwa hiyo tunazungumza juu ya watu wanane hivi, pamoja na mmoja au wawili wa nafasi ndogo. Utungo wenyewe unashuhudia hayo kwa ndani. Katika aria moja ya sauti ya nne inayowahimiza wenye kuonewa wakimbilie Golgotha, kwaya humkatiza mwimbaji kwa kuuliza ni wapi waende. Na kwaya hiyo ina sauti tatu tu, kwa maana sauti ya nne haimo. Baadaye, mara tu baada ya Yesu kufa, sauti ya nne huimba aria huku kwaya yenye sauti zote nne ikiimba wimbo wa kitabuni polepole chini yake. Hapo hapana budi awepo mwimbaji mwingine wa sauti ya nne. Msaidizi hapa si pambo, ametungiwa kazi.

Fani inavyozaa maudhui

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, ndilo kiini cha mjadala, ingawa wabishani wengi hulipita haraka. Karatasi ya mwimbaji mkuu wa sauti ya tatu ina usimulizi wote wa Mwinjilisti. Karatasi hiyo hiyo ina sehemu yake katika nyimbo za umati. Yaani mtu anayetusimulia kwa huzuni kwamba watu walipiga kelele, ndiye huyo huyo ambaye katika pumzi inayofuata anapiga kelele hizo akitaka asulubiwe. Vivyo hivyo mwimbaji mkuu wa sauti ya nne: anayatamka maneno ya Yesu, kisha anajiunga na wanaomshtaki.

Katika mtindo wa kwaya kubwa jambo hili halionekani kabisa. Mwinjilisti huketi mikono yake safi. Yesu huketi kando yake. Umati uko nyuma, mbali, nao ni wengine. Msikilizaji naye, akiwa kwenye kiti chake, hujihesabu pamoja na wale walioketi mbele. Waswahili husema penye wengi pana mengi. Na mojawapo ya hayo mengi ni maficho. Katika sauti 150 hakuna hata mmoja anayeweza kuulizwa, "Wewe ulisema nini?" Katika sauti nane kila mmoja anaweza.

Tutoe mfano wa Petro. Baada ya kumkana Yesu mara tatu, Petro analia. Mwinjilisti anaisimulia habari hiyo kwa nota ndefu zinazopinda na kuteremka kama machozi yenyewe. Mara inafuata aria ya sauti ya tatu, wimbo wa mtu aliyefadhaika asiyejua akimbilie wapi. Mwimbaji akiwa mwingine, tunapata msimulizi aliyemaliza kazi yake na bingwa aliyeinuka kuianza yake. Akiwa ni yule yule, tunamwona msimulizi akishindwa kusimulia tu: habari aliyokuwa akiitoa kwa mbali imemrudia mwenyewe, naye analia kwa nafsi ya kwanza. Walimu wa fasihi wanajua thamani ya badiliko la nafsi. Hapa limetungwa, na ni idadi ndogo tu inayoliacha lisikike.

Mfano wa pili ni ule wa kofi. Mmoja wa watumishi anampiga Yesu usoni. Papo hapo inafuata korali ya beti mbili. Ubeti wa kwanza unauliza ni nani aliyempiga hivyo. Wa pili unajibu kwamba ni mimi, mimi na dhambi zangu. Kwa karne nyingi maneno ya Injili ya Yohana kuhusu "Wayahudi" yametumiwa kuwachochea Wakristo kuwachukia majirani zao, na anayejua historia ya karne ya 20 anajua chuki hiyo ilikoishia. Michael Marissen, katika kitabu chake cha mwaka 1998, amelichunguza suala hili kwa makini, na ameonyesha jinsi nyimbo za tafakari katika utungo huu zinavyoigeuza lawama imrudie anayeimba. Sisi tunaongeza neno moja: lawama hiyo haiwezi kurudi vizuri ikiwa anayeimba "mimi" si mtu, bali ni ukuta wa sauti. Mtu mmoja anaposema "mimi" anamaanisha. Watu 150 wakisema "mimi" kwa pamoja, kiitikio huwa kizuri, lakini mshtakiwa hapatikani.

Kwa hiyo twathubutu kusema kwamba udogo wa kundi si suala la ladha tu. Ni fani inayozaa maudhui. Ukiondoa fani hiyo, msikilizaji hupewa ruhusa ambayo utungo ulikuwa umemnyima, yaani ruhusa ya kusimama upande wa wasio na hatia.

Ala na uwazi wa maneno

Uchache wa waimbaji unaenda sambamba na ala. Ala za kale zina nyuzi za utumbo wa mnyama badala ya chuma, na leo aghalabu hutegwa kwenye mitetemo 415 kwa sekunde badala ya 440, yaani chini kwa takriban nusu sauti. Sauti yake ni nyembamba na yenye chembechembe. Katika wimbo wa kwanza oboe mbili hugongana kwa ukali juu ya besi inayodunda nota moja. Oboe ni ndugu wa zumari letu la pwani, kwa kuwa zote mbili hupulizwa kwa ulimi wa tete mbili. Na oboe ya kale inalikumbuka zaidi zumari kuliko oboe laini ya leo. Baadaye, mahali pa kutafakari mateso, Bach mwaka 1724 aliweka ala ambayo msikilizaji wa taarabu ataitambua kwa jina: laute ya Ulaya, iliyotokana na udi wa Waarabu, na jina lake likatokana nao. Ala hiyo haiwezi kusikika ikizungukwa na okestra kubwa.

Kilele cha hayo ni aria ya sauti ya pili baada ya neno la mwisho la Yesu msalabani. Inasindikizwa na viola da gamba, ala ambayo hata wakati wa Bach ilikuwa imeanza kuonekana ya kizamani. Inaanza kwa nota zinazoteremka kama pumzi za mgonjwa. Katikati ghafla inageuka kuwa shangwe ya shujaa aliyeshinda vita, kisha inarudi kwenye utulivu ule ule. Katika rekodi ya Parrott ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, na hasa katika ile ya John Butt na kundi lake la Dunedin Consort ya mwaka 2013, kila silabi ya aria hii hufika sikioni. Katika rekodi hiyo ya pili Nicholas Mulroy ni Mwinjilisti na Matthew Brook anaimba maneno ya Yesu. Butt amerudisha pia nyimbo za usharika na muziki wa kinanda uliozunguka utungo katika ibada, na hivyo msikilizaji anakumbushwa kwamba hakualikwa kwenye tamasha, bali kanisani.

Nyimbo za umati ndizo zinazofaidika kuliko zote. Washtaki wanapodai kwamba wao wana sheria, Bach anawaimbisha fuga, yaani wimbo ambamo sauti moja huanzisha tamko na nyingine hulifuata kwa masharti makali. Wanaojivunia sheria wamefungwa ndani ya sheria ya muziki. Askari wanapopigia kura kanzu ya Yesu, sauti zinarukaruka kama kete mkononi. Kwaya kubwa huligeuza jambo hili kuwa ngurumo. Kundi dogo hulifanya liwe mazungumzo ya watu wachache wenye akili timamu wanaojua wanalolitenda. Hilo linatisha zaidi.

Kasoro za upande tuutetao

Uhakiki usioona kasoro za upande wake ni sifa tu. Kwanza, wanaodai kuwa wanafanya "kama Bach" huchagua. Makanisani Leipzig wanawake hawakuimba muziki huu. Sauti za juu ziliimbwa na wavulana na vijana. Leo makundi mengi ya wachache huwatumia wanawake, na huimba vizuri. Hatulaumu, ila tunasema kwamba aliyekwisha kuchagua mara moja asijifiche nyuma ya neno "uhalisi". Pili, Bach mwenyewe aliubadilisha utungo huu kila alipourudia, na mwaka 1749 alitumia ala nyingi zaidi, ikiwamo ile kubwa ya besi iitwayo bassono grosso. Hakuwa mwabudu wa uchache. Tatu, kundi dogo huanika udhaifu wote. Mwimbaji mmoja akichoka, sauti nzima imechoka. Na mwimbaji wa sauti ya tatu hupewa mzigo wa usimulizi, aria na kwaya pamoja, mzigo ambao wachache wanauweza. Nne, kundi hilo likiwekwa katika ukumbi wa viti elfu mbili, hata hoja njema hugeuka mnong'ono.

Kwa sababu hizo hatukubaliani na wale wanaotaka historia peke yake ikate shauri. Historia inatuambia lililowezekana mwaka 1724. Haituambii kwa nini tulichague leo. Sababu ya kulichagua lazima itoke katika utungo wenyewe, na sisi tumeitaja: uwajibikaji wa kila sauti.

Tamati

Walimu wa lugha wengi pia ni walimu wa kwaya, na kishawishi cha kwaya zetu ni kuhesabu vichwa. Kwaya ya watu 80 huonekana imeshinda kabla haijafungua kinywa. Hatusemi wapunguzwe, umoja nao una utukufu wake, na ziko nyimbo zinazoutaka wingi. Tunasema kwamba kabla ya kuamua idadi yapasa kuyasoma maneno. Maneno yanayosema "sisi" kwa furaha huyabeba mabega mengi. Maneno yanayosema "mimi" kwa majuto huwataka wachache, watu wanaoonekana nyuso na kusikika majina. Bach, mbele ya msalaba, aliweka waimbaji wanane hivi, akampa kila mmoja wao sehemu ya hatia na sehemu ya huruma. Anayewaimbisha hivyo leo haturudishi kwenye jumba la makumbusho. Anatuuliza swali la kofi, naye anatungoja tujibu mmoja mmoja.